Kura ya Kivuli: Zanzibar 1985 ikitazamwa kutoka Birmingham



Jioni moja mwanzoni mwa Oktoba 2022 nilikuwa natembea na mpwa wangu hapa Birmingham, tukafika Centenary Square tukakuta njia imezibwa. Vyuma, maaskari, watu wameshika mabango wanapiga makelele, na wengine wenye suti na vitambulisho shingoni wanapita mbio bila ya kugeuza uso. Chama cha Conservative kilikuwa ndani ya jumba la mikutano la ICC kwenye mkutano wake mkuu wa mwaka. Kiongozi wao, Liz Truss, alikuwa hajamaliza mwezi kwenye uwaziri mkuu, na tayari uchunguzi wa maoni wa YouGov ulikuwa unakipa chama cha Labour uongozi wa pointi 33. Mpwa wangu, ambaye kazaliwa hapa, akaniuliza: "Mjomba, kwani huyu mama kachaguliwa na nani?"

Swali la kitoto, lakini jawabu yake si ya kitoto. Wabunge wa chama chake mia tatu na hamsini na kitu walipopiga kura ya mwisho mwezi wa Julai, yeye alipata 113. Rishi Sunak alipata 137. Majina mawili yakapelekwa kwa wanachama, na wanachama wakampa Truss kura 81,326 dhidi ya 60,399. Basi. Nchi ya watu milioni 67 ikapata waziri mkuu kwa kura elfu themanini na kitu za watu wenye kadi. Tarehe 20 Oktoba mama wa watu akatangaza kuwa anajiuzulu. Umma haukuwahi kuulizwa alipoingia, na haukuulizwa alipotoka.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba pale pale tulipokuwa tumesimama ndipo ugonjwa huu ulipozaliwa, akadhani namtania. Lakini hiyo ICC imejengwa palipokuwa na Bingley Hall, ukumbi mkubwa wa maonyesho ulioungua 1984. Na katika Bingley Hall, tarehe 31 Mei 1877, Gladstone mwenyewe alihutubia maelfu ya watu siku ilipoanzishwa jumuiya ya kitaifa ya vyama vya Liberal. Nyuma yake alikuwepo Joseph Chamberlain, aliyekuwa meya wa mji huu, na katibu wake mtaratibu, Francis Schnadhorst, fundi khasa wa mitambo ya chama. Wapinzani wao waliita mitambo hiyo "caucus", jina la kukebehi walilolichukua Marekani.

Ilianza na hesabu. Mwaka 1867 sheria ilibadilishwa, Birmingham ikapewa wabunge watatu, lakini kila mpiga kura akapewa kura mbili tu. Makusudio yalikuwa wachache nao wapate kiti kimoja. Maliberali wa Birmingham wakakaa, wakaugawa mji kata kwa kata: wa kata hii wapige fulani na fulani, wa kata ile fulani na fulani mwengine. Mtu hachagui, anaambiwa. Kaulimbiu yao ilikuwa hiyo hiyo, piga kura kama unavyoambiwa. Mwaka 1868 wakachukua viti vyote vitatu. Na naomba nieleweke: watu wale hawakuwa madhalimu. Chamberlain alileta maji na gesi chini ya mamlaka ya mji, akavunja mitaa michafu. Walikuwa na mema yao. Lakini waligundua kitu ambacho vyama vyote vya dunia vimekirithi, kwamba ukishika kikao kinachotoa jina, hata kura iwe huru kiasi gani, nusu ya kazi umekwisha kuimaliza kabla mwananchi hajaamka siku ya uchaguzi.

Sasa nivukeni nanyi bahari, maana sikukusudia kuandika habari za Chamberlain. Nimekusudia kuandika habari za mzee Idris Abdul Wakil, Mwenyezi Mungu amrehemu, na uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 1985. Kura yangu ya kwanza duniani niliipiga siku hiyo. Nilikuwa na miaka 19.

Kwa walio wadogo, nikumbushe hali ilivyokuwa. Januari 1984, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM Dodoma, Aboud Jumbe alilazimika kuachia kila kitu, urais wa Zanzibar na umakamu wa Muungano pamoja. Maneno yaliyotumika ni "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa", ambayo sisi vijana tuliyageuza mzaha. Mtu akichelewa skuli husema hali ya hewa imechafuka. Akaletwa Ali Hassan Mwinyi, akathibitishwa kwa kura Aprili mwaka ule ule, na Seif Sharif Hamad akawa Waziri Kiongozi. Na wallahi mambo yalibadilika. Biashara ikafunguliwa. Nguo zikaonekana madukani, unga ukaonekana, sukari ikaonekana. Aliyepanga foleni ya mchele miaka ya sabini hahitaji kuelezwa maana ya mkate wa ngano kupatikana bila ya kujuana na mtu. Watu walijua nani aliyefanya vile, au walidhani wanajua, na katika siasa hayo ni mamoja.

Mwaka uliofuata Nyerere akasema anang'atuka. Majina matatu yakazungumzwa kwa urais wa Muungano: Mwinyi, Salim Ahmed Salim na Rashidi Kawawa. Salim alikuwa na sifa za kimataifa ambazo hakuna mwengine aliyekuwa nazo, lakini upinzani mkubwa dhidi yake ulitoka kwa Wazanzibari wenzake wa ndani ya chama, waliomkumbusha asili yake na siasa za ujana wake kabla ya Mapinduzi. Kidonda hicho hakijapona hadi leo, sikigusi zaidi. Akapita Mwinyi. Kupita kwake kukaacha kiti cha Zanzibar wazi, na hapo ndipo palipokuwa na kesi.

Mitaani hapakuwa na kesi. Darajani, Mchangani, Mikunguni, kote ulikosikia watu wakisema kwa sauti ya chini, jina lilikuwa la Seif. Pemba sikwambii. Tangu Mapinduzi Pemba ilikuwa haijawahi kutoa rais, na huyu mtoto wa Mtambwe, mwalimu, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa amefika mlangoni. Lakini ndani ya chama kulikuwa na makundi mawili ambayo wenyewe tuliyajua kwa majina ya Kiingereza, Liberators na Frontliners. Wa kwanza ni wazee wa ASP na waliojiona ndio wenye Mapinduzi yao. Wa pili ni wasomi na wanamageuzi waliozunguka serikali ya 1984. Kwenye Halmashauri Kuu majina mawili yakapigiwa kura, Idris Abdul Wakil na Seif Sharif. Wakil akashinda kwa tofauti ndogo. Na wajumbe wengi wa kikao kile walikuwa wa Bara, watu ambao hawatapiga kura Zanzibar wala hawatatawaliwa na atakayeshinda. Hebu litafakarini hilo. Hata Schnadhorst hakuwahi kufika umbali huo: angalau mji wa Birmingham aliugawa kwa watu wa Birmingham.

Mzee Wakil mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi baada ya miaka mingi, wakati ule nisingesema. Mtu wa Makunduchi, mwalimu, waziri katika serikali za Mapinduzi, balozi nchi za nje, Spika wa Baraza la Wawakilishi. Mpole, hana makuu. Kosa lake ni kwamba alikuwa jawabu la chama kwa swali ambalo wananchi hawakuuliza.

Na sasa kura yenyewe. Chama ni kimoja, mgombea ni mmoja. Utaratibu ulikuwa ule uliotumika Tanzania tangu 1965: Ndiyo au Hapana. Upande mmoja wa karatasi picha ya mgombea, upande wa pili hakuna mtu. Sisi tukiita kivuli. Wagombea ubunge angalau walikuwa na jembe na nyumba, unachagua baina ya watu wawili wa chama kile kile. Rais alishindana na kivuli, na kivuli hakina jina, hakina kabila, hakifanyi mkutano wa hadhara, hakiahidi kitu. Kwa kanuni, kivuli kikishinda, chama kinarudi kutafuta jina jengine. Hakuna aliyetegemea kanuni hiyo itumike. Nyerere kila mara alikuwa akipata tisini na kitu. Mwinyi alipata tisini na kitu mwezi ule ule kwa upande wa Muungano.

Baba yangu alikuwa kiongozi wa tawi la mtaa wetu. Si mkubwa, karani wa serikali tu, lakini muaminifu wa chama tangu enzi za ASP. Wiki ile alikwenda nyumba kwa nyumba, na jioni akirudi anakaa barazani hasemi kitu. Alikuwa anayasikia yale yale niliyokuwa nikiyasikia mimi, ila yeye kazi yake ilikuwa kujifanya hayasikii. Usiku wa kuamkia uchaguzi aliniambia neno moja: "Kesho uende mapema." Hakuniambia nipige nini. Nilikwenda mapema, nikaingia kwenye kile kijisitara cha gunia, mkono unanitetemeka, nikakipigia kivuli.

Matokeo yalipotoka, Idris Abdul Wakil alikuwa amepata yapata asilimia 59. Tafadhali isomeni tena namba hiyo. Hakuna chama kengine. Hakuna mgombea mwengine. Hakuna gazeti la upinzani, hakuna redio isipokuwa ya serikali. Chama kimeshika hatamu, wanaohesabu ni wao, wanaosimamia ni wao. Na bado watu wanne katika kila kumi wakasema Hapana mbele ya picha ya mtu mmoja. Pemba ndiko zilikojaa, lakini haikuwa Pemba peke yake. Kwenye kituo chetu, ambacho ni Unguja Mjini, kivuli kilifanya kazi yake vizuri mno, na baba yangu akaitwa na wakubwa zake kueleza kwa nini. Alirudi usiku. Mama akamuuliza wamesema nini, akajibu: "Wameniuliza majina. Nimewaambia kivuli hakina jina."

Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili, macho wazi.

Nimesoma maandishi ya wasomi wengi juu ya siasa za Zanzibar, na wengi huipitia 1985 kwa sentensi mbili, wakikimbilia 1995. Nadhani wanakosea. Mwaka 1995, Salmin Amour alipotangazwa kwa 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif, dunia ilistaajabu kuona nchi imepasuka katikati. Lakini ufa ulikwisha pimwa miaka kumi kabla. Chama kilikuwa na kipimo mkononi, tena kipimo chake chenyewe, kinasema asilimia 41 hawamtaki uliyewaletea. Kilifanya nini? Januari 1988 Seif akaondolewa kwenye Uwaziri Kiongozi. Mei mwaka ule ule akafukuzwa chama pamoja na wenzake sita, miongoni mwao Shaaban Mloo na Hamad Rashid. Mei 1989 akawekwa ndani, akatoka Novemba 1991. Mzee Wakil mwenyewe hakugombea tena 1990. Alimaliza muhula mmoja akaenda zake nyumbani, jambo ambalo kwa marais wetu ni adabu ya nadra. Akaletwa Salmin, naye akapata zaidi ya asilimia 97. Wakubwa wakafurahi. Kumbe namba ya 1985, iliyowaaibisha, ndiyo iliyokuwa na habari ndani yake, na ile ya 1990 haikuwa na habari yoyote.

Waswahili tuna neno moja ambalo limenishughulisha sana, "kura ya maoni". Serikali ikiuliza watu kuhusu katiba, ni kura ya maoni. YouGov wakiuliza watu mtandaoni, ni kura ya maoni. Na wanachama wa CCM wakipiga kura kumtafuta mgombea wao, hiyo nayo ni kura ya maoni. Hilo la tatu ndilo la kuangaliwa. Kura ikiitwa maoni, maana yake imekwisha wekewa mlango wa kutokea: wewe umetoa maoni, wenye kuamua wako mbele. Ndiyo maana mtu anaweza kuongoza kura za maoni jimboni kwake halafu jina lake likakatwa juu, na hakuna anayeona ajabu. Mwaka 2000 Dk. Mohamed Gharib Bilal aliongoza kwenye Kamati Maalum ya Zanzibar. Halmashauri Kuu Dodoma ikamchukua Amani Abeid Karume. Mtu anaweza kusema Karume alikuwa bora kuliko Bilal, na mimi sitabisha. Lakini yale yale ya 1985, walio wengi wa ng'ambo ya bahari wakawachagulia wa visiwani. Uchaguzi uliofuata ulivurugika, na Januari 2001 watu wakauawa Pemba na Unguja.

Wakenya wana kisa chao, na kwa uzuri wa kuonekana kinashinda vyote. Tarehe 14 Oktoba 2002 Moi aliwajaza wajumbe wa KANU Kasarani wakampitisha Uhuru Kenyatta kwa shangwe, maana washindani wake walikuwa wamekwisha ondoka. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa Nairobi, walioondoka walikuwa Uhuru Park na umati wao, na hapo Raila Odinga akasema maneno mawili yaliyokuja kuwa historia, "Kibaki tosha". Mji mmoja, siku moja, mikutano miwili: mmoja wa wenye kadi za ujumbe, mmoja wa watu. Disemba Kibaki akapata asilimia 62, Uhuru 31. Na siku ya kuapishwa Moi akarushiwa matope. Wakenya walikuwa na mtu wa kumpa kura. Sisi 1985 tulikuwa na kivuli tu. Na tusimsahau huyo Uhuru wa 2002, kwani 2013 alirudi na akashinda. Mgombea anayekataliwa si lazima awe mtu asiyefaa. Mara nyingine watu wanamkataa aliyewaletea.

Dodoma 2015 niipite haraka, kwa kuwa wengi mnaikumbuka. Jina la Edward Lowassa lilikatwa kabla halijafika mkutano mkuu, wajumbe wakaimba wimbo wa imani juu yake mbele ya mwenyekiti Kikwete, haikusaidia. Lowassa akahamia Chadema, akapata karibu asilimia 40. Magufuli akawa rais kwa 58 na nukta. Kwa nchi, naona hiyo ilikuwa namba yenye afya.

Linalonitia uchungu ni la mwisho. Januari 2025 mkutano mkuu maalum wa CCM uliitwa Dodoma, na ajenda kubwa iliyojulikana ilikuwa kujaza nafasi ya makamu mwenyekiti. Humo humo ukumbini likatolewa azimio, na Samia Suluhu Hassan akapitishwa kuwa mgombea pekee, na Hussein Mwinyi kwa Zanzibar. Hapakuwa na fomu kwanza, hapakuwa na majina mawili ya kupimwa. Walionung'unika ndani ya chama walinyamazishwa au wakajiuzulu. Chadema ikazuiwa kushiriki, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa gerezani kwa kesi ya uhaini. Tarehe 29 Oktoba vijana wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Halafu tukatangaziwa asilimia 97.66.

Siku ile nilikaa hapa Sparkbrook na simu mkononi, nampigia mtoto wa dada yangu mwengine aliye Dar, haipatikani. Siku nzima haipatikani. Hata ya pili yake. Nikajikuta naikumbuka karatasi ya 1985. Ilikuwa karatasi ya chama kimoja, ya zama ambazo tunaziita za kiimla, na juu yake palikuwa na nafasi ya kusema Hapana, na Hapana hizo zikahesabiwa, na hesabu ikatangazwa kwenye redio ya serikali. Kijana wa miaka 19 aliingia kwenye gunia akatoka salama. Aliyepata taabu ni baba yake, na taabu yenyewe ilikuwa kuulizwa maswali. Siitamani zama ile, mnanijua. Lakini sipati namna ya kumweleza mpwa wangu kwamba baada ya miaka arubaini, karatasi ina majina mengi na nafasi ya Hapana imepungua.

Aliniuliza jambo jengine, siku ile ya Centenary Square, nilipomaliza kumpa kisa cha kivuli tukiwa tunangojea basi namba 6. "Na babu, yeye alipiga nini?"

Baba alifariki 1993. Tulikaa miaka minane katika nyumba moja baada ya uchaguzi ule, tukizungumza kila kitu, mpira, bei ya karafuu, ndoa za watu. Hilo sikuwahi kumuuliza.

Mliokuwepo Wete, Chake au Mkoani mwaka ule, khasa mliosimamia vituo, nawaomba muandike mliyoyaona kabla hatujamalizika. Hasa habari ya siku ya kuhesabu: nani aliyekuwa chumbani, na sanduku la kivuli lilipofunguliwa walitazamana vipi.

Wasalaam.